Kilio Nilichopeleka kwa Papa Donasi

Sitajitetea, maana waliokuwepo bado wako hai na wengi wao ni majirani zangu, wakiona nimejipamba hapa watanicheka mara ya pili. Ni mimi niliyepeleka wanawake kumi na mmoja kulia kilio kwenye nyumba ambamo hakuna mtu aliyekufa, mchana, jua linawaka, kwenye njia ya Kabambare ambako kila anayekwenda na anayerudi anakuona. Aibu ile ingekuwa nusu kama ningekuwa mwuza samaki. Lakini kazi yangu ni kutuliza mioyo ya watu.

Hapa Kasongo tuko na nyumba ndogo nyuma ya soko, viti sita na mkeka, wanawake wanakuja wanasema yanayowalemea, aliyekimbia vita, aliyefiwa, aliyefukuzwa na bwana, na wengine hawasemi kitu, wanakaa saa nzima wakikunja ncha ya kikwembe, kitenge walichojifunga, na mimi ninakaa nao. Nilisomea kazi hii, niko na karatasi yenye mhuri. Jina langu ni Zaina lakini mtaani wananiita Mama Pesiko, kwa lile neno la Kifaransa la mambo ya moyo na akili (hata wazee wa msikitini, na hawatanii), na kila Jumatatu ninatoa mafundisho kidogo juu ya namna ya kuishi vizuri na moyo wako na mioyo ya wengine. Somo ninalolipenda kuliko yote ni la mashaka. Ninachora mstari chini kwa chaki, ninawaambia, upande huu weka ulichokiona kwa macho, upande ule weka ulichokiongeza mwenyewe. Ninawaambia mtu aliyekomaa moyoni anaingiwa na mashaka kama wengine wote, ila yeye anajua yapi ameyaona na yapi ameyapika. Wanaitikia kwa kichwa, na mimi, Mungu anisamehe, ninajisikia mkubwa.

Sasa ngoja niwaambie nilichokiona.

Bwana wangu, Ramazani, ni mwalimu wa darasa la sita, mtu wa maneno machache sana, ukimwuliza kitu anaangalia kwanza mbali kama jibu liko juu ya paa la jirani. Tumekaa naye miaka kumi na saba. Basi, tangu mvua zilipoanza, kila Alhamisi akitoka shule alikuwa anaoga (saa saba mchana, mwanaume anaoga), anavaa shati jeupe la Idi, anachukua baiskeli na kuondoka, na telefone anaiacha nyumbani. Hiyo telefone ndiyo iliyonimaliza. Nilijiambia, mwanaume anayeacha telefone ni mwanaume asiyetaka kupigiwa. Nikimwuliza anasema, "Niko na mukutano." Mkutano wa nani? "Wa watu." Na akirudi jioni macho yake yalikuwa mekundu, na alikuwa mwema. Anachota maji bila kuombwa, anasifu mboga, siku moja alinifagilia uwanja. Ninyi wenye mabwana, niambieni, mwanaume akianza kufagia uwanja miaka kumi na saba baada ya ndoa utafikiri nini?

Halafu kile kitambaa. Nilikuwa ninafua, nikakuta katika mfuko wa shati jeupe kitambaa cha mkono kimedariziwa maua mawili kwenye pembe, jekundu na la manjano, kazi ya mwanamke mwenye mkono mwepesi. Nilikinusa. Sabuni. Nikakinusa tena. Sabuni tu. Nilikikunja vizuri nikakirudisha mfukoni, na Alhamisi iliyofuata akaondoka nacho na akarudi hanacho, na mimi nikasema moyoni, amemrudishia mwenyewe.

Mngetaka kujua kwa nini sikumwuliza wazi juu ya kile kitambaa. Wiki ileile alikuja mama mmoja kwenye nyumba yetu, analia kwamba bwana wake amebadilika, nikamwuliza kwa sauti yangu ya kazi, ile ya chini, "Wewe ulimuuliza yeye mwenyewe?" Akasema hapana. Nikamwambia mengi mazuri juu ya ujasiri wa kuuliza. Nikarudi nyumbani, nikampakulia bwana wangu chakula, nikamwangalia akila, nikahesabu mara ngapi anatabasamu peke yake. Mashaka yana utamu wake, hilo silifundishi lakini ni kweli, unajiona una akili kuliko watu wote nyumbani, unajua kitu wao hawajui kwamba unakijua. Kuuliza ni kuupoteza ule utamu. Na ni kusikia jibu.

Basi Alhamisi ya mkasa nilimwacha atoke, nikahesabu muda wa kufika kwenye kona, nikajifunga kikwembe cha kawaida, nikamfuata kwa mguu. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi na njia ilikuwa laini, alama ya magurudumu yake ilionekana vizuri kabisa (gurudumu la nyuma liko na kipande cha mpira kilichoshonwa, linaacha doa kila mzunguko), nami nilikuwa ninatembea nimeinama nikisoma udongo, ndipo nikagongana na Shangazi Asina kisimani.

Shangazi Asina ni dada ya baba yake Ramazani. Ni mwanamke mnene, mkweli, na katika mji huu mzima hajakosa kilio hata kimoja, cha Waislamu wala cha Wakristo, anajua kila ukoo unalia namna gani. Aliweka bidoni yake ya maji chini.

"Zaina, uko naenda wapi umeinamisha kichwa vile?"

Hapo ndipo ningeweza kusema ninaenda sokoni, ninaenda kwa fundi, ninatafuta kuku aliyepotea. Lakini mawazo yangu yote yalikuwa kwenye lile doa la gurudumu, na kinywa kilisema chenyewe, "Niko naenda ku kilio, Shangazi."

Uso wake ulibadilika palepale, ukawa wa kazi. Na sisi wawili ni watu wa kazi, nilipaswa kuelewa.

"Nani alikufa?"

"Ni muzazi wa mwenzangu wa kazi. Walinipigia, rezo ya telefone ikakatika, sikusikia jina muzuri."

"Ni wapi?"

Nikaonyesha kwa kidole kule alama za baiskeli zilikoelekea.

"Ngojea," akasema, "nifunge kikwembe. Hatuwezi kukuacha uende peke yako kama mutu hana watu."

Nilimwambia asijisumbue, nikamwambia ni mbali, nikamwambia magoti yake. Kila nilichosema kilimfanya anihurumie zaidi. Na alipotoka nyumbani kwake hakutoka peke yake, alikuwa na binti zake wawili wakubwa na jirani mmoja mwenye kikapu cha unga wa muhogo, na huyo jirani akamwita dada yake aliyekuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, na yule akaacha mchi katika kinu, wengine wakajiunga njiani, na tulipofika mwisho wa mji tulikuwa kumi na wawili pamoja na mimi, mmoja amebeba kuni kichwani, mwingine kuku, na mimi niko mbele ninawaongoza kwa doa la gurudumu.

Wale wanawake walikuwa wameacha kazi zao, mwaka ule muhogo wenyewe ulikuwa wa shida, na walikuwa wanaubeba kumpelekea mtu wasiyemjua, kwa sababu tu mimi nilisema amefiwa. Ninafundisha huruma kwa maneno, na huruma yenyewe ilikuwa inatembea nyuma yangu imebeba kuni. Sikuigeukia hata mara moja. Nilikuwa ninafikiria maua mawili ya kudarizi.

Njiani Shangazi alianza kuingiwa na mashaka yake.

"Zaina. Mutu anaenda kulilia mutu hajui ni mwanaume ao mwanamuke?"

"Ni rezo, Shangazi."

"Na mwenzako wa kazi njo nani? Ni yule mama Béatrice?"

"Ni mwingine."

"Mwingine yupi? Muko watatu."

Nikasema, "Tutaelezwa kule kule," nikaongeza mwendo. Nilisikia nyuma yangu wanawake wananong'ona, na wakinyamaza nilijua Shangazi ananiangalia mgongo. Nilipomtazama kwa jicho la pembeni alikuwa amekunja midomo. Kwa hiyo mimi nilikuwa ninamshuku bwana wangu, Shangazi ananishuku mimi, na mwenye kuku (nilijua baadaye) alikuwa anashuku kwamba tunamficha kitu kwa sababu marehemu ni wa kwao.

Tulipita mahali wanapochoma matofali, na pale nyuma ya miembe iko nyumba ya Papa Donasi, muuguzi mzee aliyestaafu, Mkristo, mtu wa watu wote. Baiskeli ya bwana wangu ilikuwa imeegemea ukuta. Lakini haikuwa peke yake, zilikuwepo baiskeli sita au saba na moto mbili, yaani pikipiki, na mlangoni viatu vya wanaume vimepangwa. Nyumba ilikuwa kimya. Ndani kulisikika sauti moja ya mwanaume, chini chini, halafu sauti ya mwanamke ikisema "pole, pole, kunywa maji."

Mimi nilisikia mwanamke, basi. Lakini wenzangu waliona kitu kingine. Waliona nyumba iliyojaa wanaume mchana wa kazi, viatu mlangoni, ukimya. Mashaka yote ya Shangazi yaliisha mara moja. Akafungua kitambaa cha kichwa, akashika kiuno, akatoa sauti ile yake ambayo inasikika hadi kule kwenye mashamba, na wengine kumi wakamfuata, wanalia, wanapiga vifua, mwenye kuni amezitupa chini, kuku anapiga kelele kuliko wote.

Na mimi, badala ya kukimbia porini kama mtu mwenye akili, nikasukuma mlango, nikasimama katikati ya sebule ya watu, nikasema, "Mwanamuke iko wapi?"

Walikuwa wanaume wanane juu ya mabenchi mawili, wamekaa wanaelekeana. Mama Lusia, bibi ya Papa Donasi, mama wa miaka zaidi ya sabini kama bwana wake, alikuwa amesimama na kikombe cha maji. Juu ya meza ndogo kilikuwepo kikapu, na ndani ya kikapu vitambaa vya mkono vimekunjwa, vingi, kila kimoja na maua yake kwenye pembe. Na bwana wangu alikuwa kwenye benchi la mbele, kimoja amekishika usoni kwa mikono miwili, analia. Miaka kumi na saba sijawahi kumwona analia, hata siku walipotuletea habari ya mdogo wake Musafiri, aliyefunikwa na udongo katika shimo la dhahabu upande wa Lusangi, na mwili haukutoka. Siku ile alisema tu, "Sawa," akaenda kufundisha.

Wale wanane walisikia kilio nje, na kila mmoja alifikiri ni cha kwake. Shefu wa kartie yetu, mkubwa wa mtaa, mtu anayetugombanisha na kutupatanisha, alisimama akashika ukuta akauliza, "Ni kwangu?" Kijana mmoja fundi wa moto, ambaye bibi yake alikuwa anakaribia kuzaa, hakuuliza. Alipita katikati yetu bila viatu, miguu mitupu, akapanda moto akaenda, na uso wake ule bado ninauona. Alifika nyumbani akamkuta bibi yake anachambua maharage. Lakini ile njia nzima, dakika zote zile, alikuwa mjane, na ni mimi niliyemfanya.

Papa Donasi alinitazama bila hasira. Aliuliza polepole, "Mama Pesiko, ni kitu gani?"

Kabla sijajibu Shangazi aliingia na wenzake, wakakaa chini juu ya sakafu, miguu imenyooshwa kama inavyotakiwa, akafuta uso, akatulia, akauliza ile ambayo mtu wa kilio anauliza.

"Marehemu ni nani?"

Wanawake wote walinitazama mimi. Wanaume walinitazama mimi. Nilifungua kinywa.

Ni Ramazani aliyejibu. Alikuwa bado ameshika kile kitambaa, macho mekundu, hakunitazama.

"Ni Musafiri, Shangazi," akasema. "Nilikuwa namulilia Musafiri."

Shangazi alimgeukia. Musafiri alikuwa mtoto wa Shangazi vilevile, ndiye aliyemtahirisha, ndiye aliyemfukuza mara ngapi kwenye vyungu vyake. Mwili haukutoka, kwa hiyo hatukuzika, tulisoma dua fupi tukarudi kila mtu kwake. Alimwangalia mpwa wake muda mrefu. Halafu akaanza kulia tena, lakini si ile sauti ya mashambani, alilia kidogo, kwa pua, na mikono imeanguka tu mapajani. Ramazani alitoka kwenye benchi akakaa sakafuni karibu naye. Mama Lusia alienda kuwasha moto, akachukua ule unga wa muhogo akasonga ugali, na watu walikula, na hakuna aliyeniuliza kitu. Mimi nilikaa kwenye kizingiti. Nilikuwa nimeokolewa na mtu niliyekuja kumkamata.

Msidhani iliishia hapo kwa uzuri. Tuliporudi alisukuma baiskeli kwa mguu, kwa sababu yangu, hadi tukapita pale wanapochoma matofali.

Nikasema, "Kwa nini hukuniambia?"

"Nikwambie wewe," akasema, "ao nimwambie Mama Pesiko?"

"Kuko tofauti gani?"

Aliangalia mbali, juu ya mapaa. "Kila siku ukiniuliza niko nasikia namna gani, naona kama uko na fishi mukononi, ile karatasi ya kazi yako. Naona utaandika. Kule kwa Papa Donasi hakuna mutu anauliza. Unakaa. Ikitoka, inatoka."

Nilitaka kusema kwamba sijawahi kuandika kitu juu yake. Ilikuwa kweli, na haikuwa na maana yoyote. Ni mimi niliyekuwa nimeandika katika raporo yangu ya kazi kwamba wanaume wa Kasongo hawapendi kusema machungu yao. Walikuwa wanayasema. Walikuwa wametafuta tu mahali ambapo mimi sipo.

Ijumaa mji mzima ulijua. Sokoni walisema Mama Pesiko amelilia baiskeli. Hiyo niliimeza. Ambayo sikuweza kuimeza ni ile nyingine, walisema kuna wanaume wanakutana kulia kama watoto, na waliwataja kwa majina. Siri ya watu wanane niliifungulia mlango kwa mkono wangu, mimi ambaye ukutani kwenye biro yangu, pale nyuma ya soko, kuna karatasi inayosema linalosemwa hapa linabaki hapa.

Nilienda kwa Papa Donasi kuomba samahani. Alikuwa anamenya mihogo, hakuacha. Alisema, "Mabenchi yangu yalikuwa na watu wanane. Sasa iko sita. Mimi usiniombe kitu. Enda kwa wale wawili."

Nilienda. Kijana fundi wa moto alinisikiliza, mtoto mchanga kwenye bega lake, halafu akasema hana neno na mimi, lakini hatarudi kule, kwa sababu akikaa lile benchi anasikia tena zile sauti nje. Shefu wa kartie alinipokea vizuri sana, akanipa kiti, akaniambia yeye hana shida yoyote wala hajawahi kuwa nayo, alipita tu kusalimia, na akaniuliza kama mimi mwenyewe niko salama, maana kazi yangu inachosha kichwa. Nilimshukuru. Nilitoka nikijua kwamba kitu chake, chochote kilichokuwa, amekirudisha ndani na kufunga, na kwamba ufunguo ule sitaupata mimi.

Ninaendelea na kazi. Mafundisho ya Jumatatu ninayatoa, kwa sauti ya kawaida zaidi, na nikifika kwenye mashaka ninawasimulia mkasa huu badala ya kuchora, wanacheka, na wakimaliza kucheka huwa kuna mmoja anayeanza kusema jambo lake. Nimeapa sitamfuata mtu tena kwa mguu wala kwa akili. Kwa mguu nimeweza.

Juzi Ramazani alikaa karibu nami nikichagua mchele, akaanza mwenyewe, bila kuulizwa, jinsi Musafiri akiwa mdogo alivyovuka mto Lualaba na mtumbwi wa watu kule Nyangwe akafika ng'ambo akashindwa kurudi, ikabidi wamfuate. Alisimulia polepole, anaacha, anaendelea. Yalinijia maswali matatu, mazuri kabisa, ya kisomo. Nilichagua mchele. Akaokota kijiwe katika mchele akakitupa, nikadhani amemaliza, nikawa karibu kufungua kinywa, halafu akasema, "Na mimi njo nilimwonyesha namna ya kufungua ile kamba ya mutumbwi," na hapo ndipo alipokuwa anaelekea tangu mwanzo, na kama ningeuliza ningemkatia njia.